Wanafunzi Wakienda Kuona Magofu ya Pwani: Kijiji Kinapata Nini?



Shule zikikaribia kufunga, barua za ziara huanza kuingia vijijini. Mwalimu anawaandikia wazazi kwamba wanafunzi wataenda Pwani kuona magofu ya kale na makanisa ya kwanza, na kila mzazi alete mchango. Barua ikisomwa kwenye mkutano wa kikundi, maneno huwa mengi. Mama anayeuza maziwa sokoni anauliza, mbona mtoto apelekwe kuangalia mawe, na karo bado haijaisha? Baba Mwislamu anataka kujua kama mwanawe atapelekwa kanisani kusali. Mzazi Mkristo naye anaogopa safari yenyewe, maana hapa Garissa hatujasahau Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu.

Maswali haya yote ni ya haki. Sisi tunaofanya kazi na vikundi hatuwezi kusema tu "elimu ni muhimu" halafu tukanyamaza. Fedha ya kikundi ni jasho la watu. Kwa hiyo tuangalie pamoja: huko Pwani kuna nini, na mtoto akirudi, kijiji kinapata nini?

NJIA YENYEWE

Kutoka Garissa tunavuka daraja la Tana hadi Madogo, tunateremka na mto kupitia Bura, Hola na Garsen, kisha tunafika Malindi. Gede iko kilomita kama 16 kusini ya Malindi. Ukiendelea mbele, kilomita 100 hivi, unafika Mombasa.

Watoto waambiwe mapema kwamba hata huku kwetu kwa mto Tana magofu yapo. Karibu na Kipini, mto unapoingia baharini, kuna mabaki ya mji wa Ungwana, wenye misikiti na makaburi ya mawe. Yaani mto tunaonyweshea mifugo unaishia karibu na mabaki ya mji wa zamani. Historia hii si ya watu wa mbali.

GEDE: MJI ULIOACHWA

Gede ulikuwa mji wa Waswahili Waislamu. Watu waliishi pale kuanzia karne ya 12 hivi, ukastawi sana katika karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umeachwa. Leo mti na ukuta vimeshikana. Mtaalamu James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, akafanya kazi hiyo miaka mingi. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwanafunzi ataona nini? Ataona Msikiti Mkuu, nyumba ya mfalme, nyumba za matajiri zenye vyoo na mifereji ya maji machafu, na visima vingi. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka wake, 802 wa Hijria, ndio 1399. Vyombo vya udongo kutoka China vimepatikana pale. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo. Basi mtu asimdanganye mtoto kwamba kabla ya Wazungu kufika, Waafrika hawakujua kujenga wala kufanya biashara na dunia.

Lakini swali kubwa kwa watoto wetu ni hili: mbona watu waliondoka? Wataalamu wanataja sababu kadhaa. Moja ni vita na mashambulizi ya wakati ule. Nyingine ni kuhama kwa wafugaji wa Kioromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini. Hata jina la Gede linasemekana ni la Kioromo, maana yake kitu cha thamani. Jirani zetu Waorma wa Tana River ni wa ukoo huo.

Sababu ya tatu mtu wa Garissa ataielewa haraka kuliko mtu wa Nairobi: maji. Kisima kimoja karibu na Msikiti Mkuu kinaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na hiyo ni dalili kwamba maji yalikuwa yanarudi nyuma. Mji wenye vyombo vya China ulipoanza kukosa maji, utajiri haukuusaidia. Mtoto aliyeona kisima kile ataelewa kwa nini kamati ya maji ya kijiji inakazania zamu, usafi na mchango wa pampu.

VIPEPEO VYA GEDE

Hapo hapo Gede vikundi vina jambo lingine la kujifunza. Tangu mwaka 1993 kuna mradi unaoitwa Kipepeo. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo. Wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, kabla hawajatoka, huuzwa nchi za nje kwa mabustani ya maonyesho. Kabla ya hapo wengi waliuona msitu kama adui: ndovu na nyani wanatoka humo kula mazao. Walipoanza kupata fedha kutoka kwa msitu uliosimama, walipata sababu ya kuulinda.

Hatusemi tukafuge vipepeo Garissa. Tunasema kila kikundi kijiulize: sisi tuna nini ambacho kikitunzwa kinaleta riziki, na kikikatwa kinatuacha maskini? Miti ya kando ya mto? Gundi na ubani wa porini? Mwanafunzi akirudi na swali hilo, mchango wenu umeanza kuzaa.

MALINDI: MSALABA NA MAZISHI

Kuhusu Ukristo, tuwaeleze watoto ukweli kwa mpango. Jirani zetu wa Ethiopia walipata mfalme Mkristo, Ezana wa Aksum, katika karne ya 4. Lakini kwenye Pwani yetu Uislamu ulitangulia. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, yamepatikana mabaki ya misikiti ya tangu karne ya 8. Ukristo ulifika Pwani na Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na mfalme wa Malindi, Mwislamu, akampokea vizuri, akampa rubani wa kumwongoza mpaka India. Nguzo ya Wareno yenye msalaba ingali imesimama ufukoni.

Karibu nayo kuna kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti, na makaburi uani. Linahusishwa na Mtakatifu Fransisko Xaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542 akienda India. Katika barua yake alieleza kwamba walimzika pale mtu aliyefia chomboni, na Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Alieleza pia kwamba mzee mmoja Mwislamu alilalamika kwake kuwa ibada imepoa: kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Mzee akamwuliza kama na Wakristo wana shida hiyo hiyo!

Hebu fikirini. Karibu miaka mia tano iliyopita, watu wa dini mbili wanazungumza bila ugomvi juu ya jambo linalowasumbua wote. Hawakukubaliana juu ya sababu, lakini walizungumza.

MOMBASA: UKURASA WA DAMU

Shule ikiwa na uwezo wa siku moja zaidi, ifike Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hapa watoto watakuta ukurasa mwingine, na tusiufiche.

Kijana Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa baada ya baba yake kugombana na wakubwa wa Kireno na kuuawa. Huko alilelewa na watawa, akabatizwa Jerónimo. Aliporudi kutawala, alidharauliwa na wakubwa wa ngome. Mwezi wa Agosti 1631 aliiteka ngome na kurudi katika Uislamu. Wakristo waliokataa kubadili dini waliuawa, Wareno na Waafrika pia. Kanisa linawakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa.

Kisa hiki kikielezwa nusu kinaleta chuki. Mwislamu akisikia tu dhuluma ya Wareno, atasema walistahili. Mkristo akisikia tu mauaji, atamwogopa jirani yake. Kieleweke kizima: kiburi cha mwenye nguvu huzaa kisasi, na kisasi huwala wasio na hatia.

Na sisi wa Kaskazini Mashariki tuna la kuongeza hapo. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, watu wenye silaha walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Mtoto anayesoma ya 1631 ukutani Mombasa asimuliwe na hili, maana hili limetendeka kwetu.

Ikiwezekana, wakirudi wapitie Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianza kituo mwaka 1846. Baadaye watu wengi walioponyoka utumwani walipata makao pale. Krapf pia alitunga kamusi ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882. Kwa hiyo lugha tunayoandikia barua za kikundi ina historia yake pale pia.

KABLA YA KUTOA MCHANGO

Kikundi kisitoe fedha kwa barua peke yake. Mkubaliane na shule juu ya mambo haya:

1. Mwalimu aje mkutanoni aeleze watoto wataenda wapi, siku ngapi, watalala wapi. Bei za basi, chakula na viingilio ziandikwe, na njia ya kulipa viingilio iulizwe mapema.

2. Kila mzazi atie sahihi yake mwenyewe. Ielezwe wazi kwamba kuingia kanisa au msikiti wa kale ni somo, si ibada. Asalaye asali kwa dini yake, na ratiba iache nafasi ya swala na chakula halali. Mtoto asilazimishwe.

3. Chifu na polisi waulizwe hali ya barabara wiki ile ile ya safari. Watoto wasisafiri usiku. Majira ya mvua yaepukwe: mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua.

4. Wasichana wapate nafasi sawa, na mwalimu wa kike awepo.

5. Mweka hazina aandike risiti, na hesabu isomwe baada ya safari. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitoboka hakuna atakayechangia tena.

6. Mtoto wa maskini asiachwe. Ni afadhali safari fupi ya wote mpaka Gede kuliko safari ndefu ya wenye nacho.

WAKIRUDI

Hapa ndipo ziara nyingi hufa. Watoto wanarudi na picha kwenye simu, na basi. Sisi tunapendekeza kikundi kilichochanga kidai deni lake: wanafunzi waje mkutanoni, chini ya mti, waeleze mambo matatu. La kwanza, kisima cha Gede kinatufundisha nini juu ya maji yetu. La pili, vipepeo vinatufundisha nini juu ya mapato. La tatu, Malindi na Mombasa zinatufundisha nini juu ya kukaa pamoja. Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja waeleze kwa pamoja hilo la tatu.

Halafu kazi igeuke. Watoto wawaendee wazee wa hapa na daftari: nani alichimba kisima hiki? Njia za ngamia zilipita wapi? Mwaka wa njaa kubwa watu walikwenda wapi? Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, hakuna mtaalamu wa kuja kumchimbua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji yetu yanaongezeka au yanarudi nyuma? Tunajuaje?
2. Ni jambo gani baya la zamani kati ya jamii zetu ambalo watoto wanaelezwa nusu tu? Nani awaeleze lote?
3. Kijiji hiki kikiachwa leo, mchimbuzi wa miaka mia tano ijayo atakuta nini cha kutusifu?

Jadilini, kisha mwandike majibu yenu katika kitabu cha kikundi. Shule ikileta barua nyingine ya ziara, kifungueni kwanza kitabu hicho.