Metali za Gakara: Kutoka Karabai Hadi Leza

Usiku wa giza, wavuvi wa Rumonge, nchini Burundi, huingia ziwani na taa. Mwanga huvuta samaki wadogo waitwao ndagala, nao samaki wakubwa zaidi, mukeke, huja kuwawinda. Siku hizi taa nyingi ni za betri au sola, lakini kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya karabai. Ndani ya chemni yake kuna kifuko cheupe cha kitambaa. Kikiwashwa mara ya kwanza nyuzi huteketea, yakabaki majivu yanayosagika ukiyagusa. Majivu hayo ndiyo yanayong'aa: kwa kawaida yalikuwa oksidi ya thori kwa asilimia 99 na ya metali ya seri kwa asilimia 1, mchanganyiko aliouvumbua Mwaustria Carl Auer von Welsbach mwaka 1891.

Seri iko jirani. Ukishika barabara ya ziwani kutoka Rumonge kwenda Bujumbura, upande wa kulia, kabla hujafika mjini, ndiko viliko vilima vya Gakara. Miamba yake ina seri, lanthani na neodimi. Ilichimbwa tangu zama za Wabelgiji, na uchimbaji ukafufuliwa mwaka 2017.

Neodimi ndiyo iliyozaa leza maarufu ya maabara, iliyoonyeshwa mwaka 1964 katika maabara za Bell, Marekani. Miaka ya 1980 ilipoanza, Richard Smalley wa Chuo Kikuu cha Rice aliitumia leza kuchoma metali ndani ya mkondo wa heliamu. Mvuke ulipopoa, atomu chache chache zilishikana zikawa vishada vidogo, na wanakemia wakapata nafasi ya kuchunguza kifungo kimoja kimoja.

Katika Chuo Kikuu cha Kentucky, kundi la Dong-Sheng Yang limefanya hivyo kwa lanthani na seri. Leza ya kwanza huchoma metali. Mvuke hukutana na gesi, tuseme etilini. Leza ya pili hubadilishwa rangi hatua kwa hatua mpaka elektroni ing'oke. Nishati inayohitajika hufichua mitetemo ya molekuli, na kama uzi wa inanga, kifungo kilichokaza hutetema haraka kuliko kilicholegea. Hivyo ilibainika kwamba atomu moja ya lanthani huweza kuing'oa etilini haidrojeni mbili, kisha ikashikana na kaboni zake mbili katika umbo la pembetatu.

Kujua vifungo vya kila metali kunaihusu Burundi, kwa kuwa utenganishaji hutegemea tofauti ndogo za vifungo hivyo. Metali hizi hufanana mno kikemia, na kuzitenganisha ndiyo kazi ngumu na yenye faida. Gakara ilisafirisha mchanga wa madini ambao haujatenganishwa. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha kazi, ikidai nchi haipati stahili yake.

Dai hilo lina uzito, ila mezani hushinda anayejua kilichomo ndani ya gunia. Mkataba ujao usiishie kwenye asilimia za mgao; udai pia vifaa vya kupimia madini na nafasi za masomo kwa wanakemia vijana wa Burundi.