Tiketi ya kurudi: ni ushahidi wa nini hasa?



Kila kiangazi kinapokaribia, na kila panapotokea harusi au msiba, swali linalozunguka miongoni mwetu ni lile lile: "Mama anakuja kututembelea. Je, lazima tumkatie tiketi ya kwenda na kurudi kabla hajapata viza?" Mmoja atasema ndiyo, wa pili hapana, na wa tatu atakunong'oneza kwamba kuna watu mtandaoni wanauza karatasi ya bukingi kwa dola chache tu. Hebu tulipitie jambo hili polepole, maana humo mna pesa zetu na heshima ya wazee wetu.

Kwanza, sheria yenyewe. Kwa ziara fupi, yaani siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, nchi za Schengen hufuata Kanuni ya Viza namba 810 ya mwaka 2009. Wenzetu wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wote wanahitaji viza. Kanuni hii inataka kupima nia ya mgeni ya kuondoka kabla muda wake haujaisha, na inataja vielelezo vya aina tano: bukingi au tiketi ya kurudi, uwezo wa fedha huko nyumbani, ajira, mali isiyohamishika, na mafungamano ya mtu na nchi anakoishi, kama vile familia na kazi. Liangalieni hilo neno "au". Kanuni inakubali nafasi iliyowekwa kwenye ndege. Haisemi kwamba nauli nzima iwe imelipwa kabla ya jibu kutoka. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Hakuna haja ya kuongeza hasara nyingine juu yake.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha mambo: tiketi ni ushahidi dhaifu kuliko yote matano. Mtu anaweza kuinunua na nusu ya pili akaitupa, na maafisa wanalijua hilo fika. Ndiyo maana barua nyingi za kunyimwa huwa na alama kwenye kisanduku kile cha shaka juu ya nia ya kuondoka, hata pale tiketi ilipokuwemo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Koushkaki ya Desemba 2013, ilisema viza inyimwe kwa sababu zilizoorodheshwa tu. Lakini ilisema pia kwamba afisa hahitaji uhakika kuwa mgeni hatarudi. Shaka yenye msingi inatosha. Basi kazi yetu ni kuipunguza shaka hiyo: hati ya shamba, karatasi za pensheni, barua ya mwajiri, akiba ya SACCO, vyeti vya watoto na wajukuu waliobaki nyumbani. Mama mwenye ng'ombe na kiti chake kwenye kikundi cha akina mama ana sababu nzito ya kurudi kuliko tiketi yoyote, ila lazima iandikwe, iambatishwe.

Tatu, viza si mlango uliokwisha kufunguliwa. Kwenye kaunta ya shirika la ndege, Nairobi au Entebbe, mgeni anaweza kuulizwa upya. Shirika nalo linaogopa: agizo la Ulaya la mwaka 2001 linataka linalomleta mtu asiye na hati zinazotakiwa lipigwe faini, na mzigo wa kumrudisha ni wake. Akifika Zaventem, polisi wa mpaka wana haki ya kuuliza atalala wapi, atakula nini, ataondoka lini. Mwaka 2021 mwanafunzi kutoka Kongo, mwenye viza halali ya masomo, alizuiwa hapo hapo na kufungiwa Steenokkerzeel karibu wiki mbili kwa kuwa majibu yake hayakuwaridhisha. Si mchezo. Kwa hiyo mama abebe nakala za kila kitu kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Kwa wanaopita tu pia kuna mtego. Wenye pasi za Kongo, Somalia, Ethiopia na Eritrea wanahitaji viza ya kupitia uwanjani hata kama hawatoki nje ya uwanja, isipokuwa wale wenye misamaha, kama vile viza ya Schengen au ya Marekani. Tiketi ya kuendelea mbele peke yake haiwaokoi.

Nne, hizo bukingi za bandia. Jamani, tuache. Nafasi iliyowekwa kihalali kwa wakala ni halali. Karatasi iliyotungwa ni jambo jingine: shaka juu ya ukweli wa nyaraka ni sababu tosha ya kunyimwa, na uamuzi huo hukaa kwenye kumbukumbu za pamoja za viza kwa miaka mitano, unaonekana kuanzia Lisbon hadi Helsinki. Umeokoa nauli, umechafua jina la mzazi.

Na wewe mwenyeji, ukisaini dhamana, ile "annexe 3bis", kumbuka unabeba gharama za matibabu, makazi na kurudishwa kwa mgeni wako kwa miaka miwili. Soma kabla ya kuweka sahihi.

Mwisho, ushahidi bora wa kurudi ni kuwa umewahi kurudi. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anastahili, kwa kawaida, viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, kisha ya miaka miwili, kisha mitano. Tangu 12 Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani umeanza kurekodi kuingia na kutoka kwa alama za vidole. Atakayechelewa ataonekana, na aliyeondoka kwa wakati ataonekana vilevile. Lakini pasi za zamani zenye mihuri msizitupe, na vishina vya tiketi vitunzeni. Ziara ya kwanza ya mama ndiyo inayomfungulia njia ya ziara ya tano.

Mwenye swali aulize, na mwenye uzoefu tofauti atumegee.

Wasalaam.