Ganda tupu lajengwa vipi, na kalibu yake hutupwa wapi?

Juzi binti yangu, anayesoma kemia chuoni, aliniuliza: "Baba, chembe ndogo kuliko vumbi huchongwaje ndani ikabaki tupu?" Nikacheka, kisha nikaenda kusoma. Kumbe haichongwi, hujengwa juu ya kalibu.

Tuanze na sabuni. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, ndiyo maana hung'oa mafuta ya samaki kwenye sufuria. Vitu vya jamii hii huitwa safaktanti. Ukiondoa haidrojeni za mkia ukaweka florini, mkia huyakimbia maji na mafuta pia, tena huwa mnene na mkakamavu. Zikitiwa majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ndani, vichwa nje, kisha safu hujifunga kuwa kifuko chenye maji katikati. Hakuna fundi anayekishona.

Hapo hutiwa malighafi ya silika, kitu kile kile cha kutengenezea kioo, nayo huganda kwenye ukuta wa kifuko. Mwisho safaktanti huoshwa au huchomwa kwa joto kali, likabaki ganda tupu, mfano wa kifuu nazi ikishakunwa. Ndani mwaweza kutiwa dawa itoke polepole. Njia ya kutumia safaktanti kama kalibu ilivuma mwaka 1992, wanasayansi wa kampuni ya Mobil, Marekani, walipotengeneza silika yenye vitundu vya nanometa chache.

Ninaposita ni hapa. Kifungo cha kaboni na florini ni imara mno, na kalibu hiyo ikimwagwa haiozi upesi. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama, uliiorodhesha PFOS, ya ukoo huo huo, mwaka 2009, na PFOA mwaka 2019. Mwaka 2023 wakala wa saratani wa WHO ukasema PFOA husababisha saratani kwa binadamu.

Zipo safaktanti zisizo na florini zinazojenga vifuko, ingawa mara nyingi si imara vile. Kwangu, huko ndiko kwa kuanzia. Nilimwambia binti yangu: siku ukiingia maabara, maji ya kuoshea kalibu yakusanye, usiyamwage kwenye sinki. Mitaro yetu huishia baharini, na samaki tunaowala hutoka huko huko.