Ufuta Usiishie Mnadani: Mlo wa Mwanamke Mstaafu Nachingwea na Ruangwa

Ufuta ukishavunwa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, safari yake inajulikana. Unapepetwa, unajazwa kwenye magunia, unapelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) na kupimwa, kisha unaingia ghalani kusubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowahudumia wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kutoka hapo ni malori, bandari na meli. Nyumbani hubaki fedha, na mara nyingi hakibaki hata kibaba kimoja cha ufuta wenyewe.

Kwa kijana wa miaka 25 jambo hilo halina uzito mkubwa kiafya. Kwa mwanamke aliyefikisha miaka 60 lina uzito, na sababu iko mifupani mwake.

Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua sana mwilini. Homoni hiyo, pamoja na kazi zake nyingine, huzuia mifupa isipoteze kalsiamu ovyo. Ikiondoka, mifupa hupungua uimara kwa kasi, hasa katika miaka michache ya mwanzo, na mwanamke hasikii maumivu yoyote mpaka siku anapoteleza uani na nyonga au kifundo cha mkono kuvunjika. Ndiyo maana wataalamu wa Marekani wanapendekeza mwanamke aliyevuka miaka 50 apate miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa kina takribani miligramu 300. Vijiko viwili vya chakula vya ufuta usiokobolewa vina kama 170, ingawa mwili hauzichukui zote, kwa kuwa ganda la ufuta lina oksalati inayoshikilia sehemu ya madini hayo. Ufuta mweupe uliokobolewa umekwisha kupoteza kalsiamu yake nyingi pamoja na ganda.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhitaji duka la dawa. Kabla gunia halijafungwa, yapimwe matumizi ya jikoni ya mwaka mzima. Ufuta huo ukaangwe bila mafuta, moto mdogo, utwangwe na ganda lake, uhifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, na kila siku vijiko viwili viingie kwenye uji au kwenye mboga za majani. Peke yake hautoshi. Unasaidiwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mtindi. Zamani maziwa yalikuwa adimu Lindi, lakini tangu wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipohamia mkoani humo, ng'ombe wameongezeka. Maziwa yanayonunuliwa kwa mfugaji ni lazima yachemshwe, kwani mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela vinavyoleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo.

Kustaafu, hata hivyo, hakuna sura moja. Mwalimu au muuguzi huacha kazi kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na 60. Kwa miaka zaidi ya thelathini amesimama darasani au wodini, ametembea kwenda na kurudi, na chakula chake kilipangwa na kengele ya kazi. Ghafla anakaa. Pensheni ya mwezi ni ndogo kuliko mshahara, kiinua mgongo kimeingia kwenye nyumba na ada za watoto, lakini kiasi cha ugali sahanini ni kilekile cha zamani. Huyu hunenepa. Jirani yake mkulima wa Mbekenyera au Naipanga hana barua ya kustaafu. Nguvu zikipungua analima ekari ndogo zaidi, wajukuu wanaachwa kwake, na anapopakua anajikumbuka mwisho. Huyu hukonda. Wote wawili, mnene na mwembamba, wanaweza kuwa wanapungukiwa na kitu kilekile: protini.

Hapa muhogo unahitaji kuzungumzwa kwa uwazi. Ugali wa muhogo ni chakula cha heshima kusini. Muhogo hustahimili ukame na umeokoa familia nyingi katika miaka ya njaa. Lakini robo kilo ya unga wa muhogo ina protini gramu 5 hivi tu. Kiasi hichohicho cha unga wa mahindi kina karibu gramu 20, na cha mtama hufika 25. Mwili wa mtu mzima wa kawaida unadai gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na wataalamu wengi wa uzee sasa wanasema mtu aliyevuka miaka 65 asogee kwenye gramu 1 hadi 1.2, kwa sababu misuli yake huyeyuka upesi na haijengeki kwa urahisi kama zamani. Mwanamke wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72 kwa siku. Akila ugali wa muhogo mchana na usiku kwa mlenda, na asubuhi chai ya rangi kwa andazi, hafiki hata nusu.

Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina protini gramu 11. Konzi ya karanga, kama gramu 30, ina 7 au 8. Yai moja lina 6. Hesabu hizi si ngumu, na vyakula vyenyewe vinatoka mashambani na kwenye mabanda ya kuku ya wilaya hizohizo mbili.

Mbaazi zina historia ya uchungu huku. Kwa miaka mingi wakulima wa kusini walizilima kwa ajili ya soko la India, na bei ikapanda hadi watu wakaongeza mashamba. Mwezi Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, na bei ikaporomoka. Waliokuwa na magunia ndani hawakujua wayapeleke wapi. Soko limerudi tangu hapo, lakini msimu ule ulionyesha jinsi zao lenye protini nyingi lilivyokuwa limegeuka bidhaa tu machoni pa mlimaji wake. Mbaazi zikilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, zikachemshwa mpaka zilainike na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa au tui jepesi la nazi, ni kitoweo kamili. Kulowesha kunapunguza kuni na pia gesi tumboni, malalamiko ambayo wanawake wengi wa umri huu hutoa kama sababu ya kuacha kunde.

Muhogo wenyewe hauna haja ya kufukuzwa jikoni. Unahitaji mwenzi, na unahitaji kuandaliwa vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa jirani wa Mtwara ulipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu, na zaidi ya watu 200 waliripotiwa kuugua, wengi wao watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo ni sianidi ya muhogo mchungu ulioharakishwa kukaushwa wakati wa shida, kwa watu waliokuwa wakila protini kidogo mno. Mwili huhitaji salfa inayopatikana kwenye protini ili kuiondoa sumu hiyo. Njia moja iliyofundishwa huko ni rahisi kwa bibi yeyote: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba kwenye ungo au sinia usizidi unene wa sentimita moja, na huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi ipeperuke hewani, kisha unasongwa siku hiyohiyo. Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo kikiwa kibichi. Kukitwanga sana na kukichemsha muda mrefu, kama mabibi wa Kimwera wanavyofanya, ndiko kunakokifanya kiwe salama, na kikiungwa karanga kinakuwa moja ya mboga bora kabisa za ukanda huu.

Ming'oko ni habari nyingine ya kusini. Viazi hivi vya porini, vinavyochimbwa na kuchemshwa, vinapendwa Lindi na Mtwara kuliko karibu popote, na mwanamke mwenye kisukari huuliza kama anaruhusiwa. Anaruhusiwa, mradi ming'oko ichukue nafasi ya ugali au wali wa mlo huo. Ikiliwa kama kitafunwa baada ya ugali, inakuwa wanga juu ya wanga.

Karanga na Nachingwea zimefungamana tangu mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea ili nchi hiyo, iliyotoka vitani, ipate mafuta ya kula. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na kufikia 1951 mradi ukafungwa baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Karanga zenyewe hazikuondoka na Waingereza. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitoa mwaka 2009 aina bora za karanga, moja ikiwa na jina la Nachingwea. Kwa mwanamke mstaafu hizi ni mafuta mazuri kwa moyo na protini kwa pamoja. Zina adui mmoja, sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini. Kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Karanga zikaushwe juu ya turubai, si ardhini, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zichaguliwe na kutupwa. Hata kuku wasipewe. Mazoea ya kuuza nzuri na kubakiza mbovu kwa ajili ya nyumba ni ya hatari, na yanapaswa kukoma.

Kuna kasoro ndogo za kila siku ambazo hazina jina la kutisha lakini hujumlishwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 nchini na kukuta karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo imehesabiwa ya chakula chote. Samaki wa chumvi wanaopanda kutoka pwani ya Lindi walowekwe, na maji yamwagwe mara mbili, kabla ya kupikwa, wala sufuria hiyo isiongezwe chumvi nyingine. Magadi yanayotiwa kwenye mlenda au kunde ili zilainike haraka yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Anayemeza dawa za presha na huku akitia magadi kila siku anaipinga dawa yake. Chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, ni vijiko kumi na viwili kabla hajala chochote. Apunguze kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea.

Asubuhi ndipo badiliko hulipa zaidi. Uji wa mtama au wa dona uliotiwa karanga na ufuta uliosagwa humshibisha mpaka mchana, tofauti na andazi ambalo humwacha na njaa saa nne. Sembe nyeupe ni laini na inapendeza, lakini mashine imeondoa kiini na pumba, na nyuzinyuzi zilizobaki kwenye dona ndizo zinazosaidia choo kisiwe kigumu, tatizo linaloongezeka na umri.

Matunda hayahitaji maelezo mengi mahali penye maembe, mapapai na ukwaju. La kusisitiza ni bibo. Msimu wa korosho, mabibo hurundikwa chini ya mikorosho yakioza, au hukamuliwa kuwa pombe ya uraka, wakati bibo bichi lina vitamini C kuliko chungwa mara kadhaa, na vitamini hiyo ikiliwa pamoja na mboga za majani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Maji nayo yanywewe kwa mazoea bila kusubiri kiu, kwa maana hisia ya kiu hufifia mtu anapozeeka.

Meno yaliyong'oka huwafanya wengi waache karanga na nyama bila kumwambia mtu. Kinu kipo. Karanga zitwangwe mpaka ziwe laini, samaki achambuliwe mwiba, na kuku achemshwe hadi anyofoke mwenyewe. Nyama, samaki na mayai hata kidogo vina umuhimu wa pekee kwa sababu vitamini B12 haimo kwenye mimea, na tumbo la mzee huichukua kwa shida; upungufu wake huleta ganzi miguuni na usahaulifu ambao familia hudhani ni uzee tu. Penye wajukuu wengi na yai moja, bibi hulikata vipande na yeye asionje. Upendo huo unaeleweka, lakini watoto hao wanamtegemea yeye aendelee kusimama, na sehemu yake itengwe kabla sinia halijatoka jikoni.

Kila mwanamke wa umri huu apime uzito mara moja kwa mwezi kwenye zahanati iliyo karibu na auandike. Akipungua asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, au gauni na sketi zikianza kulegea kiunoni bila sababu, aende hospitali ya wilaya achunguzwe kisukari, kifua kikuu, meno na dawa anazotumia. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa ushauri wa makala hii kabla ya kuzungumza na daktari wake.