Mabao manne ya Brentford na mtihani wa kocha mpya

Tarehe 13 Agosti 2022, kwenye uwanja wa Gtech Community magharibi mwa London, Brentford waliifunga Manchester United mabao manne ndani ya dakika 35 za mwanzo. Kocha mpya wa United, Erik ten Hag, alikuwa kwenye mechi yake ya pili tu ya ligi. Ya kwanza alishapoteza, 2-1 nyumbani mbele ya Brighton. Tangu John Chapman mwaka 1921, hakuna kocha wa United aliyekuwa amepoteza mechi zake mbili za mwanzo, na jioni ile Mashetani Wekundu walilala wakiwa mkiani mwa msimamo.

Wengi wetu tuliitazama mechi ile, wengine sebuleni, wengine kwenye vibanda umiza, na hukumu ilitoka hata kabla ya mapumziko. Wapo waliosema wachezaji hawajitumi. Wapo waliosema kocha Mholanzi hataiweza Uingereza. Nazipinga hukumu zote mbili. Kilichotokea siku ile ni tatizo la kiufundi, linawakuta makocha wengi wanapohamia timu mpya, na linaelezeka vizuri tu bila kumtukana mtu.

Tuanze na kile ten Hag alichokuwa anakitafuta. Pale Ajax alichukua ubingwa wa Uholanzi mara tatu, na mwaka 2019 aliifikisha timu iliyojaa vijana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa baada ya kuifunga Real Madrid 4-1 kwao. Timu ile ilianza mashambulizi kwa kipa. Mabeki wa kati wanatanuka, kiungo mmoja anashuka kuomba mpira, wapinzani wanavutika kuja kukaba, kisha mpira unapenya katikati yao na kuwakuta washambuliaji wakiwa na uwanja mpana mbele. Zile pasi fupi langoni zinazowapandisha mashabiki presha hazipigwi kwa mbwembwe. Zinapigwa ili mpinzani aje juu na kuacha nafasi nyuma yake. Sheria nayo ilisaidia: tangu 2019 goli kiki inaweza kupokelewa ndani ya eneo la hatari, wakati zamani ilikuwa lazima mpira utoke nje ya eneo hilo kwanza.

Nyuma ya mbinu hiyo kuna hesabu. Kipa akihesabiwa, timu yenye mpira ina watu 11 wa kucheza, na wapinzani wana 10 wa kukaba, kwa sababu kipa wao yuko mbali, kwenye lango lake. Lazima mtu mmoja abaki huru. Kazi yote ni kumtafuta huyo mtu na kumfikishia mpira kwa wakati. Ila hesabu hii ina mtego wake. Wapinzani wakijua kwamba kipa wako hajiamini mpira ukiwa miguuni, watamkaba kila mchezaji wa ndani na kumwachia kipa uhuru wote. Hapo mtu wako wa ziada anakuwa yule yule asiyejua autumieje uhuru huo.

David de Gea alikuwa langoni kwa United, pale Old Trafford, tangu 2011. Kwa kuokoa mashuti, makipa wachache walimfikia, na klabu ile ilivuna pointi nyingi kwa mikono yake. Kucheza kwa miguu ni kazi nyingine kabisa, na hakuwa amejengwa nayo. Mbele yake, kiungo ambaye kocha alimtaka kuliko wote, Frenkie de Jong, ambaye ten Hag aliwahi kumfundisha Ajax, alifuatiliwa majira yote ya kiangazi na hakutoka Barcelona. Kwa hiyo ten Hag aliingia kwenye msimu akiwa na somo kamili kichwani huku watu wawili muhimu wa somo hilo hawapo. Mechi za maandalizi zilikuwa zimemficha ukweli huo: mwezi Julai, kule Bangkok, United iliifunga Liverpool 4-0, na wengi wakaamini kazi imeshaiva.

Kisha wakaja Brighton. Mshambuliaji Ronaldo hakuwa amesafiri na timu kwenye ziara ya maandalizi, hivyo alianzia benchi, na Christian Eriksen akachezeshwa mbele kama mshambuliaji bandia. Katikati walisimama Fred na Scott McTominay. Ni wakimbiaji, ni wapambanaji, lakini kupokea mpira wakiwa wamemgeuzia mgongo mpinzani na kuusogeza mbele kwa mguso mmoja si kipaji chao. Mpira haukupanda. Pascal Gross alifunga mara mbili kabla ya mapumziko, na Brighton wakapata ushindi wao wa kwanza kabisa Old Trafford. Kipindi cha pili Ronaldo aliingia, Eriksen akashushwa nyuma, na timu ikaanza kupumua. Bila shaka kocha aliona hapo kwamba amepata dawa, na kwa kweli hata mimi ningeona hivyo. Wiki iliyofuata Eriksen alianza kama kiungo wa chini, pembeni ya Fred.

Dawa ya Brighton ndiyo iliyoiua timu kule Brentford.

Bao la kwanza ni la kipa tu: shuti la Josh Dasilva la dakika ya 10 lilikuwa la kawaida, likampita De Gea chini ya mwili. Makosa kama hayo hutokea na hayana mengi ya kutufundisha. La pili, dakika ya 18, ndilo ningemwomba kila anayependa kuchambua mpira alirudie taratibu. De Gea anao mpira. Mbele yake kila mwenzake ana mtu wa Brentford mgongoni. Eriksen anashuka hadi karibu na ukingo wa eneo la hatari, uso wake ukielekea lango lake mwenyewe, na Mathias Jensen anamfuata hatua kwa hatua. Kipa anampa. Kabla Eriksen hajageuka, Jensen ameshapora mpira na kufunga. Katika pasi ile moja matatizo yote yako wazi: kipa aliyempa mtu asiye huru, kiungo mwenye jicho zuri la pasi lakini asiye na mwili wa kuhimili mtu mgongoni, na kocha aliyewaagiza wafanye hivyo. Brentford walimjua Eriksen vizuri, maana alikuwa amemaliza msimu uliotangulia akiwa nao. Walijua anang'aa akipewa muda, na siku ile hawakumpa hata sekunde.

La tatu lilitokana na kona, Ben Mee akautia mpira wavuni dakika ya 30 kwenye vurugu za mbele ya goli. La nne, dakika ya 35, lilionesha upande wa pili wa ugonjwa ule ule. United walikuwa wamepanda, Ivan Toney akaupeleka mpira kwa haraka kwa Bryan Mbeumo, na kati ya viungo waliokuwa mbele na mabeki waliokuwa wanarudi mbio hapakuwa na mtu. Timu inayojenga kutoka nyuma hutawanyika kwa makusudi ili ipate nafasi za kupasiana. Ikiupoteza mpira ikiwa imetawanyika, mpinzani anakuta barabara nyeupe. Ndiyo maana mbinu hii haivumilii kujifunzwa nusu nusu.

Baada ya mapumziko ten Hag alitoa watatu kwa mpigo, Lisandro Martinez, Luke Shaw na Fred. Kesho yake, siku ambayo wachezaji walitarajia kupumzika, aliwaita mazoezini na kuwakimbiza kilomita 13.8. Ndio umbali ambao wachezaji wa Brentford, kwa pamoja, waliwazidi kwenye mechi. Habari ile ilienea dunia nzima, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba mbio zile ndizo zilizoigeuza timu. Siamini. Zilisaidia kuonesha nani ndiye bosi, na kocha mpya anahitaji hilo. Lakini hakuna kiungo aliyewahi kujifunza kugeuka akiwa amekabwa kwa kuzunguka uwanja. Isitoshe, timu ambayo wachezaji wake wamesimama mbali na wenzao hata ikikimbia hufika imechelewa, na baada ya mara tatu nne za kuchelewa miguu hukata tamaa yenyewe.

Kilichoigeuza timu kilionekana tarehe 22 Agosti, Liverpool walipokuja Old Trafford. Ronaldo na nahodha Harry Maguire walianzia benchi. Raphael Varane akaingia kucheza na Martinez katikati ya ulinzi, Tyrell Malacia akachukua upande wa kushoto, na mbele wakawekwa vijana wenye mbio, Marcus Rashford, Anthony Elanga na Jadon Sancho. Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa miguuni mwa De Gea. Goli kiki zilipigwa ndefu. Kocha yule aliyejenga jina kwa pasi fupi za nyuma aliiambia timu yake ipige mbele, ipiganie mpira wa pili, na iwakabe Liverpool huko huko kwao. Sancho alifunga mapema, Rashford akaongeza, Mohamed Salah akarudisha moja, na ikaisha 2-1. Zikafuata Southampton, Leicester na Arsenal, zote zikafungwa.

Namheshimu sana ten Hag kwa uamuzi ule. Kocha mpya anaajiriwa kwa sababu ya falsafa yake, anatambulishwa nayo, na kuiweka kando baada ya mechi mbili kunaonekana mbele ya watu kama kukiri kwamba hana kitu. Wapo makocha waliong'ang'ania hadi wakafukuzwa Desemba. Yeye alichagua pointi, akampata Casemiro kutoka Real Madrid wa kuilinda safu ya nyuma, na msimu ukaisha vizuri: Kombe la Carabao mwezi Februari, nafasi ya tatu kwenye ligi, pointi 75.

Lakini tatizo liliwekwa kando tu, halikutatuliwa, na hapa ndipo ninapomlaumu. Dalili zilibaki zikionekana: 6-3 mbele ya Manchester City mwezi Oktoba, 7-0 mbele ya Liverpool pale Anfield mwezi Machi. Mwaka 2023 De Gea aliondoka, akaletwa Andre Onana, kipa wake wa zamani pale Ajax anayejua kucheza kwa miguu. Kipande kilichokosekana kikawa kimepatikana. Ila katikati ya uwanja palikuwa bado pako wazi kama siku ile ya Brentford: washambuliaji wanapanda kukaba juu, mabeki wanabaki nyuma, na kati yao pana uwanda ambao Casemiro peke yake hakuweza kuuziba. United ilifungwa mabao 15 katika mechi sita za makundi ya Ligi ya Mabingwa na kushika mkia. Kwenye ligi ilimaliza ya nane, ikiwa imefungwa mabao mengi kuliko iliyofunga. Kutwaa Kombe la FA dhidi ya City kulimwongezea muda. Tarehe 28 Oktoba 2024 alifukuzwa, timu ikiwa nafasi ya 14.

Kwa hiyo timu yako ikipata kocha mpya na ikafungwa mapema, usiishie kwenye matokeo, na usishangilie sana habari za adhabu za mazoezini. Mechi inayofuata, mtazame kipa anapoweka mpira chini. Angalia nani yuko huru, na kama huyo aliye huru ni mtu anayeweza kuutumia mpira. Kisha timu ikipoteza mpira, hesabu ni wangapi wako kati ya washambuliaji na mabeki. Kocha akiyarekebisha hayo mawili, mpe msimu mzima.