Kulala Mbugani Pamoja na Watoto

Leo tutazungumza habari za safari ya kwenda kutazama wanyama, lakini wanyama wenyewe tutawaacha kidogo. Tutazungumza habari za nyumba utakayolala. Nyumba za wageni zilizojengwa mbugani huitwa loji. Ninyi mlio na karatasi ya somo, litazameni neno hilo: lo-ji.

Tuchukue mfano wa Ngorongoro, katika mkoa wa Arusha. Pale pana kreta, yaani shimo kubwa lililobaki baada ya mlima wa moto kuporomoka zamani sana. Ukisimama ukingoni, chini yako kuna kina cha mita 600 hivi, na uwanda wa chini una ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi. Loji kadhaa zimejengwa huko juu ukingoni, kimo cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Basi kuna baridi. Watu wa pwani hawasadiki wakiambiwa, mpaka wafike. Mwezi wa Juni mpaka Agosti mchukulie kila mtoto sweta, koti na soksi za kulalia. Asubuhi ukungu huweza kufunika hata gari lililosimama mlangoni.

Tena usisahau kitambulisho chako. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nchi za nje, lakini yampasa kuonyesha kwamba yeye ni raia.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Loji nyingi za huko hazikuzungushiwa ua. Usiku nyati hutoka msituni wakaja mpaka karibu na vyumba. Kwa nini waje? Majani ya pale hukatwa mara kwa mara, kwa hiyo huchipua mapya, laini, na nyati anayapenda. Hakuja kumtafuta mtu, amekuja kula. Lakini ukimshtua akiwa karibu, huenda asikimbie. Atakujia wewe. Dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa zaidi.

Ndiyo sababu nyuma ya mlango wa chumba hubandikwa karatasi yenye maonyo. Wageni wengi hawaisomi. Mimi nami sikuisoma. Mwaka mmoja nilikwenda na mke wangu, mama yangu na watoto wawili. Mama alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na kila maandishi aliyoyaona aliyasimamia, akayasoma silabi moja moja. Tuliporudi kutoka chakula cha jioni alisimama mbele ya karatasi ile, naye kijana wangu wa miaka saba akamcheka. Mara kijana akakumbuka kwamba ameacha sweta yake katika chumba cha kulia. Akakimbilia mlango, akashika komeo. Mama akamkamata mkono, akasema, "Ngoja, mjukuu wangu. Hapa wameandika tusitoke." Nikamulika tochi dirishani. Nyati alikuwa amesimama hatua sita hivi kutoka kibarazani, anatafuna. Hakutugeukia hata kidogo. Sweta tuliifuata asubuhi.

Ukikuta karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza tu, usione haya. Rudi mapokezi, umwombe mtu akusomee yote kwa Kiswahili, na watoto wakiwapo wasikie. Ni kazi yake.

Kutembea usiku, hata kama ni hatua ishirini kwenda chumba cha kulia, ni pamoja na askari. Yeye hutangulia na tochi, ninyi mnamfuata kwa karibu, mtoto mdogo katikati. Akisimama, simameni. Usimwambie, "Twende tu, mbona sioni kitu?" Yeye amezoea kutazama gizani, wewe hukuzoea.

Mchana adui ni mwingine, nyani. Huyu hakujali. Anajua kufungua dirisha lisilokomewa, na harufu ya ndizi au mkate humleta upesi. Basi chakula kisikae chumbani, na dirisha likomewe hata ukienda kunawa tu. Mkishuka chini kreta, hamruhusiwi kutoka garini ila mahali palipotengwa. Hata hapo pa kulia chakula, mwewe hushuka akanyakua nyama mkononi mwa mtoto, na kucha zake hukwaruza. Afadhali watoto wale ndani ya gari.

Haya, mwalimu wa darasa, andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: USITOKE USIKU. MWITE ASKARI. Mwanafunzi mmoja asome, kisha wote wanakili daftarini.

Na hili ndilo swali la kuzungumza baada ya redio kuzimwa. Ni saa nane ya usiku. Mtoto wako ameamka, tumbo linamwuma, na simu ya chumbani haitoi sauti. Askari alipowaleta chumbani saa tatu, ilikupasa kumwuliza nini kabla hajaenda zake?

Juma lijalo tutasoma risiti ya hoteli, mstari kwa mstari. Kwaherini.