Sindano ya Ng'ombe, Miti ya Serengeti

Muulize mwanafunzi wa sekondari kwa nini mahali fulani ni msitu na pengine ni savana, atakujibu haraka: mvua. Hajakosea. Wanaikolojia huigawa nchi kavu katika biomu, yaani maeneo mapana yenye hali ya hewa na uoto unaofanana, na joto pamoja na mvua ndivyo vinavyochora mipaka ya mwanzo. Lakini Afrika ina savana nyingi zenye mvua ya kutosha kuotesha msitu, na bado nyasi ndizo zinazotawala. Mvua ikizidi takriban milimita 650 kwa mwaka, kinachoizuia miti isifungamane kuwa msitu si kiu tena. Ni moto na midomo ya wanyama.

Serengeti inaonyesha hilo vizuri. Kusini, upande wa Ndutu, hakuna miti kwa sababu ya udongo: majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro yameacha chini tabaka gumu la chokaa ambalo mizizi haipenyi. Nyasi fupi za hapo zina kalsiamu na fosforasi nyingi, na ndiko nyumbu wanakozalia kila mwaka. Kaskazini na magharibi mvua ni nyingi zaidi na miti inaweza kuota. Katikati ya karne iliyopita, hata hivyo, miti hiyo ilikuwa haba, na sababu yake ilikuwa ugonjwa wa ng'ombe.

Ugonjwa huo, sotoka, uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, na haukuchukua muda kufika nchi ya Wamasai. Mifugo ilikwisha, watu wakafa kwa njaa. Wamasai hukiita kipindi hicho Emutai. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Baada ya wimbi hilo la kwanza ugonjwa haukuondoka, uliendelea kuua nyumbu wachanga mwaka baada ya mwaka, hivi kwamba mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni tu.

Nyasi zisizo na wa kuzila hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikifika, moto wa mfugaji anayetafuta majani mabichi au wa mrina asali husambaa hadi mbali. Mgunga mchanga uliochomeka huchipua tena kutoka kwenye mizizi, mwaka unaofuata ukaungua tena, na unaweza kukaa miaka mingi bila kuvuka kimo cha kiuno.

Miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa. (Chanjo iliyokuja kuenea duniani ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, na sotoka ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011.) Nyumbu hawakuchomwa sindano hata mmoja. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza, ingawa wengi waliamini kinyume chake. Kufikia mwaka 1977 idadi ya nyumbu ilikuwa imepita milioni 1.3, wakisaidiwa pia na mvua za kiangazi zilizokuwa nzuri miaka hiyo.

Vinywa hivyo vyote vilikula kile ambacho zamani kilikuwa kuni za moto. Maeneo yanayoungua yalipungua sana, na migunga ikapata nafasi ya kukua hadi ndimi za moto zisiifikie. Twiga wakapata majani zaidi, na kaboni nyingi zaidi ikabaki ardhini na kwenye mbao badala ya kupaa na moshi. Ujangili uliopunguza tembo nao uliisaidia miti, lakini moto ndio uliokuwa na uzito mkubwa zaidi. Daktari wa mifugo mwenye bomba la sindano alikuwa akipanda miti bila kujua.

Hata kufa kwa nyumbu kuna kazi yake. Katika Mto Mara, wakati wa kuvuka, huzama wastani wa nyumbu zaidi ya 6,000 kwa mwaka, kama tani 1,100 za nyama na mifupa. Tai, korongo na mamba hupata sehemu yao, na nyama laini huisha ndani ya wiki chache. Mifupa huchukua takriban miaka saba kuoza, ikitoa fosforasi polepole majini. Juu yake huota utando wa vijidudu na mwani, na samaki huula.

Sindano ya ng'ombe iliifikia miti kupitia nyumbu. Kwa hiyo mtu akitaja athari za binadamu kwa mazingira, mimi humuuliza kwanza: kupitia njia ipi? Tuvuke mpaka tuone. Tambarare za Loita, Kenya, zilikuwa na kundi jingine la nyumbu, wale wanaoingia Maasai Mara kutoka kaskazini mashariki. Nao waliondokana na sotoka. Lakini malisho yao ya masika yalilimwa ngano, na kati ya mwaka 1977 na 1997 kundi hilo lilishuka kutoka karibu 120,000 hadi kama 22,000. Hakukuwa na haja ya kuwapiga risasi. Ilitosha kuchukua kipande kile walichokuwa wakizalia. Ardhi ilipogawanywa na kupewa hati, uzio nao ukafuata. Siku hizi sehemu ya Wamasai wa Mara hukodisha mashamba yao kwa hifadhi za jamii na kulipwa kila mwezi, kwa sharti kwamba ardhi ibaki wazi. Kwa maoni yangu, fedha hizo zinawafaa nyumbu kuliko askari wengine mia langoni.